Mashine Iliyompenda wa Mwisho

"Mashine haina ndugu," alisema mwenye duka la ushonaji, na pale pale nikaanza kumtilia shaka. Mtu asiye na la kuficha hatafuti mashine imsemee.

Nianze na duka lenyewe. Lilikuwa hapa Gisenyi, kwenye barabara inayoshuka kutoka sokoni kwenda ziwani. Chumba kimoja, kirefu na chembamba kama jeneza la mtu mrefu. Mlango mmoja na dirisha moja, vyote upande wa barabara. Ndani mlikuwa na vyerehani vinne, kimoja nyuma ya kingine. Anayekaa mlangoni anakula mwanga wote. Wa pili anapata makombo. Wa tatu anakisia. Wa nne, kule ukutani, anashona kwa kupapasa, na huyo wa nne alikuwa mjukuu wangu.

Nilimlea mimi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mikono ambayo mpaka leo sijaona mfano wake mji huu. Alikuwa anakata kola bila kuchora. Alikuwa anaunga kitenge ua kwa ua, ukitafuta mshono huuoni. Najisifu, ndiyo. Nina haki. Lakini alikuwa amekaa ukutani miaka mitatu, na mwaka ule macho yakaanza kumtoka machozi kila ikifika saa nane mchana. Wiki moja akajidunga kidole mara mbili, mara ya pili sindano ikavunjikia ndani. Muuguzi aliyeitoa akamwangalia macho, kisha akaniambia mimi:

"Huyu haiko na ugonjwa. Iko nakosa mwanga. Akikaa pale tena miaka mingi, watoto ndio watakuwa wanamutungia uzi."

Kwa hiyo fundi wa mlangoni alipoolewa akahama, mi nilijua kiti ni cha nani. Shida ni kwamba nilijua peke yangu. Mafundi waliobaki walikuwa watatu. Mjukuu wangu. Fundi wa suti, mtu mzima aliyerudi kutoka Tanzania, mwenye Kiswahili cha redioni. Na mama mmoja wa Mudende, mnene, mcheshi, ambaye alikuwa anashona sare za shule. Hao watatu wangeelewana. Lakini wiki ile ile akajitokeza wa nne: shemeji wa mwenye duka, kaka wa mke wake, mwanamume wa miaka thelathini hivi. Tulimzoea kama mtu wa kupita tu, anatoka Goma asubuhi anarudi Goma jioni. Sasa akasema na yeye ni fundi, na yeye anataka kiti. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Fundi anayekanyaga pedali siku nzima hana viatu vya kung'aa.

Miaka ile ya baada ya vita, mtu akikuuliza umetoka wapi, ulifikiri kwanza kabla ya kujibu. Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake mara mbili. Mwenye duka aliogopa maneno ya watu. Akimpa shemeji kiti, mji utasema. Asipompa, mke wake atasema. Ndipo akaleta shauri la mashine.

Ilikuwa mashine ya mchezo. Kisanduku cheusi, unakiunganisha kwenye televisheni, watu wanne wanashika kila mmoja kidude chake chenye waya, wao walikiita maneti, na kila mmoja anaendesha gari dogo la kuchekesha, kama kigari cha mtoto. Kioo cha televisheni kinakatwa vipande vinne kama mche wa sabuni, na kila mtu anajitazama kwenye kipande chake. Walikuwa wanacheza Jumamosi mchana, kazi ikiisha. Na nani aliyekivusha kisanduku hicho bariyeri ya mpakani, kutoka Goma, ndani ya robota la vitambaa? Shemeji.

"Jumamosi tatu za kujifunza," akasema mwenye duka. "Ya ine, mutashindana. Mizunguko mitatu. Atakayefika wa kwanza, kiti ni yake."

"Kwa nini usipime kwa kushona?" nikamuuliza.

Nilimuuliza kutoka barazani, chini ya dirisha, kwa sababu ndani sikuruhusiwa. Mimi nauza sambaza, dagaa wa ziwa letu, na mwenye duka alikuwa anasema gauni la arusi linakunywa harufu ya samaki. Sikumkatalia. Linakunywa kweli.

"Mukecuru," akasema, maana hivyo ndivyo walivyoniita, bibi kizee, "nikipima kwa kushona, ni mi nitachagua. Nikichagua mi, watasema nimependelea. Mashine haina ndugu."

"Lakini ule aliileta iko ndugu yako."

"Haiko ndugu yangu. Iko shemeji."

Mama wa Mudende alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Mwenye duka hakucheka. Nikasema moyoni, haya, tutaona.

Jumamosi ya kwanza niliweka beseni langu pale dirishani nikatazama. Sikuelewa mara moja, mi shule nilikaa miaka miwili, na mmoja kati yake nilikuwa nambeba mtoto wa mwalimu. Lakini macho ninayo. Niliona kwamba njiani kuna visanduku vinaning'inia hewani. Gari likigonga kisanduku, mwenye gari anapewa zawadi. Zawadi nyingine ni takataka, kopo la mafuta la kumwaga nyuma yako ili mwenzako ateleze. Nyingine ni ya maana. Kuna upepo unaolisukuma gari lako mpaka unapita watu wote kama wamesimama. Kuna kombora linalomfuata aliye mbele yako, likimpata gari lake linapinduka mara tatu, na mwenyewe anakaa pale akitazama wengine wakipita.

Mjukuu wangu aliielewa njia kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha. Kona alizikata vile anavyokata kwapa la gauni, pole anapoingia, haraka katikati, pole anapotoka. Hakugusa ukuta hata mara moja. Fundi wa suti alikuwa anaendesha kama anayepeleka maiti, kwa heshima, katikati ya barabara. Mama wa Mudende alishika maneti kama kiazi kilichotoka motoni, gari lake likagonga ukuta, likageuka, likaanza kurudi lilikotoka.

"Naenda Mudende," akasema. "Nimesahau kufunga ng'ombe."

Shemeji alikuwa nyuma nyuma, anaenda taratibu, amekaa mguu juu ya mguu. Mzunguko wa pili ukaisha, mjukuu wangu yuko mbali mbele, peke yake. Mzunguko wa tatu, karibu na mwisho kabisa, shemeji akagonga kisanduku, akapata kombora, akaliweka akiba. Akagonga kingine, akapata upepo, akapita wawili, ndipo akaliachilia kombora. Mtoto wangu akapinduka mara tatu mbele ya mstari, akakaa pale, na yule mtu akapita na viatu vyake.

Walicheza mara tano siku ile. Mara nne ilikuwa hivyo hivyo. Mara moja alishinda mama wa Mudende, ambaye hata hakujua ameshinda, aliendelea kuendesha.

"We iko na dawa," nikamwambia shemeji alipotoka barazani kuvuta hewa.

"Bon, mama, hii iko shansi tu, iko bahati."

"Shansi yako iko na saa?"

"Namna gani?"

"Inafika kila mara muzunguko wa tatu. Shansi yenye kujua saa, mi naiita mutu."

Akacheka, akaniomba sambaza wa kuonja. Nikampa kichwa kimoja.

Wiki nzima nilifikiri. Nilishuku maneti aliyoshika, ile ya kijivu, kwamba wamemwekea kitu ndani. Nilishuku waya. Nilishuku kwamba mwenye duka, kabla ya kuanza, alichomoa kutoka kwenye mashine kikasha kidogo chenye mchezo wenyewe, akakipulizia mdomo wake kama anayepuliza makaa, na midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa anasema nini mle ndani? Nilishuku hata umeme. Maana umeme wa kuchezea ulikuwepo, lakini wa kuwasha taa kule ukutani, kwa mjukuu wangu, eti ulikuwa dhaifu.

Jumamosi ya pili nikadai wabadilishane maneti. Nilidai kwa sauti, na wapita njia wakasimama, kwa hiyo mwenye duka akakubali. Mjukuu wangu akapewa ile ya kijivu. Nikadai pia kikasha kipulizwe na fundi wa suti, kwa sababu yeye ndiye peke yake aliyekuwa ananisalimia shikamoo.

"Kwa ruhusa yako, Bi mkubwa," akasema, akakipuliza pole pole kama uji.

Mjukuu wangu akashindwa vile vile. Akaongoza, akaongoza, akapinduliwa.

Hapo ndipo nilipoanza kupanga samaki. Wengine wangechukua kalamu. Mimi nilikuwa na beseni na kizingiti cha dirisha kipana, nikagawa kizingiti sehemu nne, kila mchezaji na sehemu yake. Mtu akipewa zawadi ya maana, namwekea sambaza mzima. Akipewa takataka, kichwa kitupu. Nilifanya hivyo Jumamosi ya pili yote, na ya tatu nikarudia, nisije nikajidanganya.

Kwa mjukuu wangu vilijaa vichwa. Vichwa tu, vinanitazama. Kwa shemeji, samaki wazima. Nikasema, sawa, nimekushika. Lakini nikatazama sehemu ya mama wa Mudende, na kwake pia wazima, tena wengi kuliko wa shemeji. Hapo nikakwama. Yule mama hakuwa ndugu wa mtu pale ndani. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumlisha. Basi mashine inawapenda kwa lipi hawa wawili, mmoja mjanja, mwingine hata njia haijui?

Nikamtazama tena mama wa Mudende akigonga ukuta. Nikamtazama shemeji amekaa mguu juu ya mguu, anaenda taratibu. Ndipo nikaona. Wote wawili walikuwa nyuma. Mashine haikuwa na ndugu, kweli. Ilikuwa inampa wa mwisho samaki mzima na kumpa wa kwanza kichwa. Mama wa Mudende alikuwa wa mwisho kwa sababu hajui. Shemeji alikuwa wa mwisho kwa sababu anajua.

Nikamwita mwenye duka dirishani, nikamwonyesha samaki wangu.

Alitazama kizingiti. "Imetengenezwa vile, mukecuru. Ili wote wafurahi. Kama mwenye kujua anashinda kila siku, nani atarudia kucheza?"

"Na ulijua?"

"Kila mwenye kuicheza anajua kidogo."

"Mjukuu wangu hakujua. Kiti iko ya mwenye kujua, ao ya mwenye shansi?"

"Iko ya mwenye kufika."

Fundi wa suti alikuwa anasikiliza, sindano mdomoni. Akaitoa. "Bi mkubwa, ukiondoa visanduku, binti atatushinda kila siku, nasi tutachoka. Ukivizidisha, hata mbuzi atatushinda. Aliyeitengeneza alijaribu kupima katikati."

"Alipima vibaya."

"Inawezekana. Suti pia hupimwa vibaya, na mtu akaivaa."

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kusema. Mashine ile niliielewa haraka hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa shemeji. Ziwani, asubuhi mitumbwi ikirudi, wanawake wanaofika kwanza wananunua kwa kipimo, kopo kwa kopo, na wavuvi wana macho makali. Lakini kopo la mwisho likishatoka, chini ya mtumbwi wanabaki samaki ambao wavuvi waliochoka hawataki kubeba wala kuhesabu. Anayefika wa mwisho, tena mwenye uso wa huzuni, wanamkombea wote bila kipimo. Miaka mingi nilikuwa najificha nyuma ya jiwe moja kubwa mpaka wenzangu wamalize, halafu natokea nikichechemea. Mguu wangu ulikuwa mzima.

Ilinifaa mpaka mwanamke mwingine akagundua. Siku moja nilifika nyuma ya jiwe nikamkuta ameshakaa. Mi nangoja atangulie, yeye anangoja nitangulie. Tulikaa pale mpaka jua likapanda, wavuvi wakamwaga maji ndani ya mtumbwi na kwenda kulala. Siku ile hatukuuza hata samaki mmoja, si yeye si mimi.

Jioni ya Jumamosi ya tatu nikamwambia mjukuu wangu. Tulikuwa tunatembea kurudi nyumbani, yeye anafuta macho kwa kona ya kitenge.

"Kaa nyuma," nikamwambia. "Muzunguko wa kwanza na wa pili, kaa nyuma kama yule mutu. Ya mwisho, pokea upepo, uwapite."

"Hapana, nyanya."

"Iko ruhusa. Mwenye duka mwenyewe amesema."

"Najua. Niliona samaki zako." Akafuta jicho jingine. "Nyuma nimekaa miaka tatu. Nyuma napajua. Mi sitakaa nyuma tena hata kwa mchezo."

"Na macho yako?"

"Macho ni yangu."

Ana kichwa cha babu yake. Babu yake alikataa kuvaa miwani mpaka akamsalimia ng'ombe.

Basi nikafanya langu. Jumatatu fundi wa suti alipokuja barazani kunipa shikamoo yake, nikamvuta kando. Nikamwambia siri yote, zawadi za wa mwisho, upepo, kombora, kwamba akae nyuma kabisa na asimwambie mtu. Alinishukuru, lakini alinitazama kwa upande.

Jumatano nikamwekea mama wa Mudende nyongeza ya sambaza kwenye karatasi yake, na siri ile ile juu.

Akakunja karatasi polepole. "Mbona unaambia mi, huambii mutoto yako?"

"Nilimwambia. Amekataa."

"Na mi nikishinda?"

"Utakaa mlangoni, utanipa salamu nikipita."

"We mukecuru iko na kitu," akasema. Lakini samaki alichukua, na siri pia.

Sikumdanganya mtu. Neno kwa neno nililowaambia lilikuwa la kweli. Nilikuwa najirudia hilo kila usiku kabla ya kulala, na mtu anayejirudia hivyo, mi mwenyewe ningemshuku.

Jumamosi ya nne barazani walijaa watu. Mwenye duka akachomoa kikasha, akakipuliza, akakirudisha. Wakakaa wanne kwenye mkeka wakitazama televisheni. Mjukuu wangu alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, kimekaza, na macho yake yalikuwa mekundu kabla hata ya kuanza.

Magari yakaondoka. Niseme vizuri, gari moja likaondoka. La mjukuu wangu liliruka mstari na kwenda zake. La shemeji likaenda urefu wa gari moja, likapunguza kama kawaida yake. Akatazama nyuma kwenye kipande chake cha kioo, akakuta hakuna mtu nyuma. Fundi wa suti alikuwa amesimama pembeni ya barabara kama aliyesimamishwa na polisi. Mama wa Mudende hakuwa ameondoka kabisa.

"Mama, endesha," shemeji akasema.

"Endesha we. Mi niko nachunga nyumba."

"Mzee, pita."

"Tangulia, kijana. Mimi sina haraka."

Shemeji akarudi nyuma. Fundi wa suti naye akarudi nyuma, kwa heshima ile ile. Mama wa Mudende akaona wanamkaribia, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta, akawa bado anarudi. Magari matatu, matako yamekutana, kila moja linasukuma jingine ili lipate kuwa la mwisho. Barazani watu walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama kipande cha juu, kile cha mjukuu wangu, gari lake peke yake kwenye kona, pole, haraka, pole. Alikuwa anapewa vichwa vyake, kopo baada ya kopo, na kuvimwaga tu.

Alipomaliza mzunguko wa kwanza alikuta wenzake bado wako pale mwanzoni. Aliwapita katikati. Hapo niliona shingo yake inakakamaa. Alikuwa ameona.

Shemeji ndiye aliyezinduka. Akaachana na wale wawili, akakimbia. Na alijua kuendesha, mtu yule, sikatai. Mzunguko mzima alikuwa nyuma, akaula kidogo kidogo. Lakini sasa alikuwa wa pili, na mashine haikumpenda tena. Aligonga kisanduku, kopo la mafuta. Aligonga kingine, kopo. Alisema neno la Kifaransa ambalo sikulijua na sikuuliza. Nyuma kule, mama wa Mudende, wa mwisho wa kweli, akapewa kombora. Likatoka, likamfuata aliye mbele yake, ambaye alikuwa fundi wa suti.

"Umeniua, dada," akasema, gari lake likipinduka.

"Samahani, mzee. Nilikuwa natafuta breki."

Na wakati huo mjukuu wangu akavuka mstari. Shemeji alikuwa nyuma yake kona mbili, labda tatu.

Watu wakapiga makofi. Yeye hakuinua mikono. Aliweka maneti chini kwenye mkeka, akageuka, hakumtazama mwenye duka, hakumtazama shemeji. Alitazama dirishani.

"Nyanya, uliwaambia nini?"

"Ukweli," nikasema.

"Wote wawili?"

"Kila mmoja peke yake."

Shemeji alikuwa amesimama. "Donc, hii haihesabiki. Walipangwa. Mukecuru aliwapanga."

Mwenye duka alikuna kidevu. Nilimwona anatafuta neno, na neno alilolipata lilikuwa lile lile. "Mashine haina ndugu," akasema, bila nguvu.

"Turudie," akasema mjukuu wangu.

Sikuamini masikio yangu. "Unasema nini, we mutoto? Umeshinda."

"Sijui kama nimeshinda. Turudie. Na we, nyanya, kaa mbali na dirisha."

Wakashika maneti tena. Mwenye duka akanyosha mkono kubonyeza, na umeme ukakatika. Televisheni ikazimika kwa mlio mdogo. Watu wote, ndani na barazani, wakageuka wakanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshika beseni kwa mikono miwili. Naapa mpaka leo, umeme sikuugusa. Lakini nilielewa kwa nini walinitazama. Ningekuwa wao, ningenitazama.

Jumapili umeme haukurudi. Jumatatu asubuhi haukurudi, na bibi arusi akaja na mama zake na mishanana, mavazi ya arusi, ya kushonwa kabla ya Jumamosi, na mlangoni hakukuwa na mtu. Mwenye duka akamwambia mjukuu wangu, "Kaa pale kwanza." Umeme uliporudi, katikati ya wiki, kiti kilikuwa kimeshachukua umbo lake. Shemeji alirudi Goma na mashine yake. Habari ya kurudia haikusemwa tena na mtu, ila na mjukuu wangu, mara moja, kwangu, nyumbani. Alisema, "Ungeniacha ningeshinda mwenyewe." Nikasema, "Ao ungepinduliwa." Akasema, "Ao ningepinduliwa," akaendelea kula.

Jambo moja sikulifikiri kabla. Fundi wa mlangoni hakai akitazama barabara. Anaipa mgongo, ili mwanga upite juu ya bega na uangukie kitambaa. Yule aliyeolewa alikuwa anakaa hivyo hivyo, miaka sita nilikuwa najua mgongo wake kuliko uso. Lakini huyu alikuwa wangu. Kila siku nilipita na beseni, nikasalimia, akaitikia bila kugeuka, na kila siku niliondoka nikijiuliza kama ni mwanga au ni mimi. Habari ya macho yake ilibidi nimuulize mama wa Mudende. Akaniambia yamekauka, hayatoi tena kitu, hata saa kumi.

Ilipita wiki tatu, au nne. Asubuhi moja nilisimama pale mlangoni zaidi kidogo ya kawaida, nikitazama mikono yake. Alikuwa anaingiza mkono wa gauni, pole, haraka, pole.

"Nyanya," akasema, hakugeuka, "sogea. Unanizibia mwanga."

Nikasogea hatua moja. Kisha, kwa vile nilivyo, nikainama kutazama kivuli changu kilikuwa kimefika wapi. Kilikuwa kimeishia kwenye miguu ya kiti. Kitambaa hakikuwa kimeguswa. Nikamtazama mgongoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Pedali inatikisa mabega, na kicheko pia. Nikamwekea sambaza wazima kwenye karatasi, pale kizingitini, nikaenda sokoni.